Msimu wa Vumbi la Kambarage

Msimu wa 2014/15 nilikuwa na timu mbili mjini Shinyanga. Ya kwanza ilikuwa ya chuo chetu cha ualimu. Mimi nilikuwa beki wa kulia, na hakuna gazeti lililowahi kuandika matokeo yetu. Ya pili ilikuwa Stand United, Chama la Wana, iliyokuwa imepanda Ligi Kuu. Hiyo iliandikwa kila wiki, na watangazaji wa Dar es Salaam hawakuchoka kushangaa timu ya wapiga debe imefikaje kwa wakubwa. Nikizikumbuka, hazitengani. Jumamosi tukiwa hatuna mechi tulikuwa uwanja wa Kambarage, na tukiwa na mechi tulicheza huku sikio moja liko kwenye redio ya mtu pembeni ya uwanja.

Wasioijua Shinyanga wanadhani jina la Stand ni la jukwaa la mashabiki. Ni stendi ya mabasi. Timu ilizaliwa pale, katikati ya makonda, mafundi wa pancha, wauza maji na hao wapiga debe wanaokushika begi kabla hujasema unakwenda Mwanza au Kahama. Mmoja wao, kaka mrefu mwenye sauti iliyokwaruzika kwa kazi, alikuwa anatupa nafuu ya nauli kila tulipokwenda kucheza nje ya mji. Alitembea na daftari gumu, kaunta buku, lililokunjwa na kusokomezwa mfuko wa nyuma wa suruali. Ndani yake kulikuwa na majina na tarakimu: fulani mia tano, fulani elfu, fulani anadaiwa. "Hii ndiyo timu, mdogo wangu," aliniambia akiligonga kwa kidole. "Wale wanaokimbia uwanjani ni matokeo tu."

Ligi ilianza Septemba 20, 2014. Ratiba iliwapa Stand mechi ya nyumbani na Ndanda ya Mtwara, nao wageni wa ligi kama wao. Mji ulisimama. Pale kwetu mazoezi yaliahirishwa bila mtu kuahirisha, wachezaji hawakutokea tu. Baiskeli za abiria, ambazo kwa Shinyanga ndizo daladala za kweli, zilikuwa zinabeba watu kuelekea uwanjani tangu mchana. Ndanda wakatufunga 4-1.

Kesho yake stendi ilikuwa mahali pagumu pa kufanyia kazi. Abiria waliokuwa wakinyamaza wakikokotwa mabegi sasa walikuwa na la kusema. Mama mmoja wa makamo, mwenye kapu la michembe, alimtazama mpiga debe aliyekuwa amemganda akamwuliza, taratibu kabisa, kama jana alikuwa beki. Watu wa kule hawapigi kelele wanapokutania. Wanakusalimia kwanza mwangaluka, wanasubiri uitikie, halafu wanakuchoma.

Timu ya chuo ilikuwa mambo mengine. Uwanja wetu ulikuwa ardhi tupu yenye miarobaini upande mmoja na shamba la mtama upande wa pili. Kiangazi ardhi ile iligeuka saruji. Mvua za Novemba zikinyesha, udongo mweusi wa mbuga uliganda kwenye daluga hadi ukajiona umeongezeka kimo. Lakini waliokuwa na daluga hawakuzidi nusu ya timu. Aliyetolewa alivua viatu kwenye mstari akampa anayeingia, na mwamuzi, ambaye alikuwa mkufunzi wetu wa hisabati, alisubiri kwa subira ya mtu anayejua bajeti ya michezo ya chuo. Jezi zilikuwa za bluu zamani. Namba sita zilikuwa mbili.

Aliyetufundisha mpira alikuwa mkufunzi wa historia, na mazoezi yake yalikuwa nusu somo. Alituzungusha uwanja, kisha akituketisha chini ya mwarobaini alituambia kwamba sisi si wa kwanza, kwamba mpira wa nchi hii uliingia kwa mlango wa vyuo. Alianzia Kiungani, Unguja, chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa UMCA, ambako vijana waliokuwa wakiandaliwa kuwa walimu na makasisi walikuwa wakicheza mpira kabla karne ya 19 haijaisha. Walimu wale wakatawanyika bara na Biblia mkono mmoja na mpira mkono mwingine. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilikuja baadaye sana, alisema, na alipenda kutukumbusha kwamba mwalimu ndiye aliyeleta mpira, mji ulikuwa umelala. Sikuwahi kujua kama alikuwa anatufariji au anatuandaa kwa mshahara. Lakini tulimpenda, na tulipofungwa hakutukana mtu.

Oktoba 4 Stand walikwenda Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kucheza na Simba. Tulibanana kwenye kibanda umiza kimoja cha Ngokolo, mabenchi ya mbao, joto la Oktoba, feni iliyozunguka pale tu mwenye kibanda alipoikumbuka. Matokeo yakawa 1-1. Baadaye ilijulikana kwamba Simba yule alikuwa anatoa sare na kila mtu: alicheza mechi zake sita za kwanza bila kushinda wala kufungwa, ya Yanga ikiwemo. Lakini jioni ile nani alijua? Stendi ilirudisha sauti yake yote. Hata kaka wa daftari alitupandisha gari la Kolandoto bure.

Kisha Yanga wakaja Shinyanga, Oktoba 25, na hapo ndipo nilipoujua mji ule vizuri zaidi kuliko nilivyofunzwa na masomo yote ya saikolojia. Mji uliokuwa unalilia timu yake ulivaa kijani na njano. Watu wa Ndembezi, wa Kitangili, wa Ibinzamata, wenye kadi za Stand mfukoni, walikaa jukwaani wakishangilia wageni. Jerry Tegete alipofunga, nilimwona mtu ninayemfahamu, mchangiaji wa Stand kabisa, akiruka juu halafu akajishika kichwa, kama mtu aliyeshangilia msibani. Yanga 3-0.

Mzee mmoja tuliyekuwa tumekaa naye hakuona ajabu yoyote. Kwake yeye ile ilikuwa habari ya Bagika na Bagalu. Kila Msukuma anazijua pande mbili hizo za ngoma, zilizotokana na mafundi wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu za dawa na za kuvuta watu. Baada ya mavuno pande hizo mbili hucheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemhamia. Mtu anazaliwa upande wake, akaniambia mzee, na kijiji chake kikileta ngoma mpya hawezi kuuacha upande wa babu yake. Simba na Yanga zilifika Usukumani zikakuta kitanda kimetandikwa. Stand ilikuwa ngoma mpya ya kijiji. Maelezo yale niliyakubali papo hapo na bado sijasikia bora zaidi, ingawa nimesoma wachambuzi wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Mechi zetu za nje zilikuwa chache na zote zilitegemea nani ana lori. Mwadui tulikwenda mara moja. Unashika barabara ya Mwanza, unafika Maganzo, pale wanunuzi wa almasi wanapokaa vibarazani wakijifanya wanapumzika, unakata kuingia mgodini. Uwanja wa Mwadui Complex uko ndani ya eneo la mgodi, kwa hiyo kwenda kucheza mpira ni kama kwenda kumsalimia ndugu kambini: unaandikwa getini, unaambiwa pa kupita, na unaonywa usiokote jiwe. Onyo hilo lilimwingia kiungo wetu mkabaji kiasi kwamba kokoto ilipoingia kwenye kiatu chake mapumziko, alimwita mlinzi aje aitoe yeye.

Mji ule wa ndani ulitushangaza. Nyumba zimepangwa, miti imepandwa kwa mistari, na nyasi. Nyasi za kuchezea mpira! Mzungu wa Kanada, John Williamson, aliikuta almasi ile mwaka 1940, na kila kitu kilichofuata, kuanzia shule hadi uwanja, kilijengwa kwa kivuli cha shimo lile. Wakati tunakwenda, Mwadui FC walikuwa Daraja la Kwanza chini ya Jamhuri Kihwelo, Julio, wakipanda kwa kasi. Sisi tulicheza na vijana wa mtaani kwao tu, wakatufunga mawili, na tulirudi tukizungumza nyasi. Mpira wenyewe haukuwa na hadithi.

Geita ilikuwa na hadithi. Alikuja mtu chuoni, mwenyeji wa Katoro, kutualika kwenye bonanza. Zawadi ng'ombe dume. Tulipita Kahama, tukaingia barabara ya vumbi ya Kakola inayopita ubavuni mwa mgodi wa Bulyanhulu, na tulipofika Geita nywele zetu zote zilikuwa rangi moja. Katoro ilikuwa haijalala tangu siku ambayo hakuna anayeikumbuka. Karasha zinasaga mawe usiku na mchana, akina mama wanauza wali maharage kwa watu waliotoka kwenye maduara na tope hadi masikioni, maduka ya simu yako jirani na maduka yenye mizani midogo ya dhahabu. Pale hata deni linahesabiwa kwa pointi, sehemu ya kumi ya gramu. Muulize kijana bei ya pikipiki, atakwambia gramu ngapi.

Timu tuliyokutana nayo ilikuwa ya tajiri mmoja mwenye karasha. Nitaliacha jina lake lipumzike. Vijana wake waliingia uwanjani kwa jezi mpya, na watatu kati yao sisi sote tulijua si wa Katoro. Walikuwa mamluki wa wazi: miguu ya watu wanaolala mapema na kula nyama, hawakuongea na wenzao, na winga wao wa kushoto, mtu wangu wa kumkaba, alinipita kwa namna ambayo haifundishwi kwenye bonanza. Kila goli lilipofungwa, noti zilirushwa uwanjani kutoka upande wa tajiri, na mchezo ulisimama mfungaji akiokota. Tulifungwa matano. La tatu lilichukua muda mrefu kuliko mengine kwa sababu upepo ulipeperusha fedha hadi kwenye eneo letu la hatari, na kipa wetu akakanyaga elfu kumi akakataa kunyanyua mguu hadi refa alipomwonyesha kadi ya njano.

Nauli ya kurudi, tuliyoahidiwa kwa mdomo, haikuonekana. Mwenyeji wetu naye hakuonekana. Tulilala kwenye darasa la shule ya msingi, na asubuhi mkufunzi wetu wa historia aliuza saa yake kwa mwenye duka. Sitaki kuifanya Geita mbaya kwa hilo. Mama muuza chai aliyetukuta tumejipanga ukutani alitulisha maandazi wote, akatuita wanangu, na alipopewa hela akachukua nusu. Ila nilijifunza kitu kuhusu mpira wa dhahabu: timu ile haikuwa na daftari. Ilikuwa na mtu mmoja. Akifurahi kuna timu, akinuna hakuna.

Siku ambayo kila mtu wa Shinyanga wa umri wangu atakwambia alikuwapo ni Februari 22, 2015. Jumapili. Simba walikuja Kambarage wakiwa na kocha Goran Kopunovic, Mserbia, na mashabiki waliotoka Nzega, Mwanza na hadi Tabora. Tulikwenda mapema ili tupate nafasi kwenye uzio. Nahodha wetu wa chuo, ambaye alichukulia mambo ya kamati ya ufundi, yaani ndumba, kwa uzito mkubwa, alituapisha kwamba Stand wasiingie kwa mlango mkuu la sivyo tumekwisha. Nami sikuona walipoingilia, nilikuwa nanunua karanga.

Goli alilifunga Abasalim Chidiebele, Mnigeria. Watoto wa kule kwetu walikuwa wamekwisha kulifupisha jina lake kwa namna zisizo na idadi. Lilipoingia sikusikia kelele mara moja. Nilisikia mabati ya uzio. Watu wote waliosimama nyuma yake waliyapiga kwa pamoja, kwa viganja, kwa fimbo, kwa ndoo, na mlio ule uliendelea hadi Simba walipoanza upya katikati. Baada ya hapo ulikuwa msiba wa kusubiri. Simba walishambulia, wakakosa, wakashambulia. Karibu yangu mtu mzima wa heshima zake aliligeuzia goli mgongo, akamwachia mwanawe amsimulie. "Bado, baba. Bado. Kipa kadaka." Kipenga cha mwisho kilipopulizwa ikawa Stand 1, Simba 0, na yule baba akageuka kutazama uwanja kama mtu aliyekuwa safarini.

Safari hii ngoma ya kijiji ilihamisha umati. Nilimwona jamaa yule yule aliyeshangilia goli la Tegete Oktoba, jezi ya Stand mwilini, analia. Alikuwa Yanga, najua, na kumfunga Simba kulimrahisishia. Bado machozi yalikuwa ya kweli. Usiku ule magari ya stendi yalizunguka mjini yakipiga honi tupu, bila abiria, kutoka Nguzo Nane hadi Lubaga na kurudi. Simba walimalizia hasira zao kwa Prisons wiki iliyofuata, 5-0, mambo ambayo sisi hayakutuhusu.

Msimu ulipoisha Mei, Yanga walikuwa mabingwa, Ruvu Shooting na Polisi Morogoro wakashuka, Stand wakabaki. Sisi tulikuwa tumekwisha kutawanyika kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mtu na shule yake ya kata, na timu ya chuo ilikufa kifo cha kawaida cha timu za vyuo: hakuna aliyetangaza. Jezi zile za bluu nilisikia ziliishia kwa mafundi wa ukuta, zimejaa chokaa.

Kilichofuata kwa Stand nakisema bila kuwa ndani yake, kama shabiki aliyesoma magazeti. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Buzwagi na Bulyanhulu, iliingia kama mdhamini, kwa fedha ambazo timu ya mkoani ilikuwa haijawahi kuziota. Akaja kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba. Akaja Elias Maguli, akafunga magoli. Mwadui nao wakapanda na Julio wao, na mkoa wa Shinyanga ukawa na timu mbili za Ligi Kuu, moja ya almasi na nyingine yenye nembo ya dhahabu kifuani. Halafu ukaanza ugomvi wa nani mwenye timu: wanachama wa stendi, au kampuni iliyosajiliwa kuiendesha. Kila upande ukawa na viongozi wake na barua zake. Mdhamini akaondoka 2016.

Watu wengi husema fedha ya mgodi ndiyo iliyoiua Stand. Mimi sikubaliani. Timu ya Ligi Kuu haiwezi kusafirishwa karibu kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam kwa mia tano za makonda, na aliyewahi kulala kwenye darasa la shule ya msingi Katoro hawezi kudharau nauli. Fedha ilikuja kwenye timu ambayo hesabu zake zilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, na badala ya kulipiga pasi daftari lile na kuandika humo, watu waligombea suruali.

Geita nao walipita njia yao. Februari 2016 Geita Gold waliifunga JKT Kanembwa 8-0 wakati huo huo Polisi Tabora wakiifunga JKT Oljoro 7-0, washindi wote wawili wakitafuta kupanda. TFF ilizishusha daraja timu zote nne kwa upangaji wa matokeo, na Mbao ya Mwanza, iliyokuwa imekaa kimya, ikapanda. Niliposoma zile namba nilikumbuka noti zinazopeperuka. Lakini hao hao Geita walirudi kwa njia safi, na msimu wa 2021/22, wa kwanza kwao Ligi Kuu, walimaliza nafasi ya nne na George Mpole akawa mfungaji bora kwa magoli 17. Walicheza hata Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Kwa timu inayotoka Geita, ambayo imekuwa mkoa 2012 tu, huo ni msimu wa kuwasimulia wajukuu, na sijui kwa nini hausimuliwi zaidi.

Stand walishuka 2019, miezi michache baada ya Alex Kitenge kuwafunga Yanga matatu peke yake Dar es Salaam na bado wakapoteza 4-3. Mwadui wakashuka 2021, Geita Gold 2024. Msimu wa 2024/25 ulianza bila timu hata moja ya Ligi Kuu kutoka Shinyanga wala Geita, wakati dhahabu na almasi zinaendelea kutoka ardhini kila siku. Chama la Wana bado lipo, linacheza ligi ya chini. Ukipita Shinyanga siku ya mechi, shuka stendi, mtu yeyote atakuelekeza Kambarage. Na kiingilio lipa getini, usiruke uzio.